Malalamiko Dhidi ya Mama Yangu Mzazi, Anayenipigia Makofi Barazani mwa Boma

Boma la Kasengu,
Ijumaa, Aprili 1966

Kwa Mheshimiwa Sampa Kasuba,
Mkuu wa Jimbo

Mheshimiwa (na kama cheo bado kinaruhusu, Ndugu),

YAH: MAMA YANGU

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na wote walio chini yako. Mimi ni mzima wa mwili. Heshima yangu ndiyo mgonjwa, na ndiyo sababu ya kukuandikia.

Naleta malalamiko rasmi dhidi ya Bi Nkandu Kabaso, mjane, mkulima wa ulezi, mkazi wa kijiji cha Mulopa, ambaye pia ndiye aliyenizaa. Tangu nilipotia saini amri ya kuondoa mitanda yote wilayani, mama huyu amehamia barazani mwa ofisi yangu, na kila nikipita ananifanyia vituko visivyomo katika kanuni yoyote ya utumishi. Jumatatu makapaso, matarishi wa Boma, wanakwenda kuchoma mitanda. Wa kwanza njiani ni wa kwake. Naomba Serikali iingilie kati kabla ya siku hiyo, kwa sababu mimi, kusema kweli, nimeshindwa, tena nimeshindwa mbele za watu.

Mutanda unaujua. Ni kile kibanda cha miti na majani ambacho mtu wetu hujenga kando ya shamba lake, mbali na kijiji, akahamia humo mpaka mavuno ili ndege na nguruwe wasimtangulie. Wazungu hawakuipenda mitanda kwa sababu mtu aliyetawanyika porini hahesabiki wala hatozwi kodi. Sisi hatuipendi kwa sababu mtu aliyetawanyika porini hafikiwi na maendeleo. Hizi ni sababu mbili tofauti kabisa. Amri ndiyo moja. Karani wangu aliitoa ile ya zamani kabatini, akafuta "Malkia" akaandika "Wananchi", akafuta "kodi" akaandika "maendeleo", na sentensi zote zikasimama vilevile bila kuyumba. Nilimpongeza kwa kubana matumizi.

Usinielewe vibaya. Nilipoletwa hapa mwaka juzi nilikuja kuubomoa ukoloni kwa mikono yangu. Siku ya kwanza nilikataa kukaa katika ile nyumba ya mlimani. Kapaso mkuu, Mzee Nsofwa, ambaye amewatumikia Madisii wote, wakuu wa wilaya wa Kizungu, waliopita hapa na ana masharubu ya kuonyesha, alivua kofia yake nyekundu akaniuliza, "Sasa Bwana Disii, ukikaa huku chini, watu watajuaje kwamba kuna serikali?" Nikamwambia mimi si Bwana Disii, ni Ndugu Mkuu wa Wilaya. Akasema, "Ndiyo, Bwana Disii." Nikapanda mlimani. Nilipokataa chai ya saa kumi, mpishi alilia machozi kabisa akidhani nimemfukuza, basi nikanywa. Kaptura za kaki nazo nilizikataa kata kata. Lakini kila asubuhi nikaambiwa suruali zangu zote zimeloa, ndiyo kwanza zimefuliwa, mpaka siku moja nikachoka kungoja jua nikavaa kaptura. Tangu siku hiyo suruali zangu hazijafuliwa tena. Sasa soksi zangu zinafika magotini, na nikitoka bila hizo nahisi kama nimetoka uchi.

Nayasema haya ili ujue kwamba anayelalamika si mkoloni. Ni mtu aliyepambana na kaptura akashindwa kihalali. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mama anakaa chini. Zamani watu walioleta shida zao hapa walikaa sakafuni, kofia mkononi, viatu nje. Mimi niliagiza mabenchi, nikayafungua kwa hotuba ndefu kuhusu utu wa mtu. Watu walipiga makofi, wakaweka kofia zao juu ya mabenchi, wakakaa sakafuni. Nilitegemea kwamba angalau mama wa Mkuu wa Wilaya angeonyesha mfano. Mama ameweka kikapu chake juu ya benchi na kukaa sakafuni. Nilipomtuma Mzee Nsofwa amwinue, alimwambia, "Baba, benchi hilo ni la serikali. Mimi ni nani nilikalie? Nikilichafua si mtanifunga?"

2. Mama analala chali. Hapa naomba, Mheshimiwa, uisome polepole kama mimi ninavyoiandika polepole. Ninapotokea mlangoni asubuhi, mama yangu, mwenye magoti mabovu na nywele nyeupe, anajilaza chali kwenye sementi, anageuka upande huu na upande ule, huku akipiga makofi, kama wazee wetu wanavyomsujudia mfalme. Mfalme, Mheshimiwa! Mimi nimesoma kwa barua, nina cheti cha uhasibu. Siku ya kwanza nilimkimbilia nimwinue. Akashtuka, akajirudisha nyuma akisema kwa sauti ya kusikika mpaka posta, "Msinipige, Bwana! Nimekosea wapi? Kama mnataka nipige kwa nguvu zaidi, nitapiga!" Watu wote waliokuwa wakingoja wakaingiwa na hofu, wakalala chali na wao. Karani wangu naye nilimkuta amelala, akaniambia aliteleza.

Tangu hapo naingia ofisini kwa dirisha la nyuma. Ni dirisha la juu kidogo. Soksi zinasaidia.

3. Mama amenikana mchana kweupe. Nilidhani amekasirika tu, na hasira ya mama ina mwisho. Nikamwambia Mzee Nsofwa aende akamuulize kwa upole ana shida gani. Nikajibanza nyuma ya pazia nisikilize, kama wafanyavyo viongozi wengi waliochaguliwa kwa haki.

"Mama, unataka nini hapa kila siku?"

"Namngoja Bwana Disii, baba. Nimeleta ombi kuhusu kibanda changu."

"Lakini si mwanao huyu? Ingia tu, useme naye!"

"Nani? Huyu mwenye soksi?" Akacheka kicheko kile unachokijua. "Hapana, baba, usinitie matatani. Mimi nina mtoto mmoja tu, Chilekwa. Alikwenda kuutafuta uhuru. Tuliambiwa uhuru ukija naye atakuja. Uhuru naona umekuja. Yeye bado nipo namngoja. Angekuwepo, kweli ningekuja kulala hapa chini? Yeye ndiye angekuja kuniombea kwa huyu Bwana."

Mzee Nsofwa alirudi akanipa ripoti. "Bwana Disii," akasema, "huyu mama anatafuta mtoto aliyepotea. Tufungue jalada?"

4. Chakula. Kila mchana mama anafungua kikapu na harufu inaingia ofisini bila kubisha hodi. Ubwali, ugali wetu wa ulezi, mweusi, laini, na viwavi alivyokausha mwenyewe. Anawagawia wote waliopo barazani, mpaka mahabusu. Mimi ananiruka. Nilipomtuma karani aniombee kidogo tu, kama kwa ajili ya uchunguzi, alijibiwa, "Mwambie Bwana ubwali huu hauliwi kwa uma." Huku nyuma mpishi ananiletea ile pudingi ya mayai inayotetemeka. Nailaje, Mheshimiwa? Naila. Wizara ndiyo inayolipia mayai.

5. Namba hii niliiandika asubuhi, nimeifuta mchana. Ilihusu viwavi tena.

6. Kuchochea mali ya Serikali. Disii wa mwisho Mwingereza alipoondoka alituachia mbwa, aliyeorodheshwa pamoja na makochi. Ni mbwa mkubwa wa kahawia, na tangu utoto amefundishwa kumbwekea mtu yeyote mweusi anayekaribia nyumba. Nilipofika alinibwekea wiki nzima. Siku nilipovaa kaptura akanyamaza, akanilamba mkono, nami, Mungu anisamehe, nilifurahi kuliko siku nilipoapishwa. Basi mbwa huyu sasa amehamia barazani. Ameweka kichwa kwenye mapaja ya mama anatafunishwa ubwali, na jana nilipokuwa nikipanda dirisha aligeuka akaningurumia.

7. Sasa lenyewe, la mutanda. Mama amekataa kuhama, na amekataa kwa adabu, ndiyo maana sina la kumshtaki. Hasemi hataki. Anasema tu, "Ulezi bado haujakauka." Nimemtumia tangazo; amelitumia kufungia chumvi kikapuni. Nimemtumia mwalimu amweleze kwamba kijijini kutakuwa na zahanati. Akasema vizuri sana, zahanati ikija aitwe, lakini je, zahanati itawafukuza ndege?

Mheshimiwa, nakuomba usidhani sijui ninachokifanya. Najua kuliko ninavyopenda. Nilipokuwa mtoto wa kubebwa, mutanda wetu ulichomwa. Kapaso aliyewasha moto alikuwa kijana mmoja mwenye masharubu yanayoanza. Mzee Nsofwa anaikumbuka kazi hiyo vizuri, wala haoni haya, maana alitumwa. "Marehemu baba yako alikuwa mstaarabu sana, Bwana Disii," aliniambia juzi tulipokuwa tukipanga njia ya Jumatatu. "Hakutusumbua hata kidogo. Alitusaidia kutoa vyungu kabla hatujawasha." Kisha baba alifungwa kwa kukaidi, akapasua mawe ya ile barabara inayopanda nyumbani kwangu mlimani. Ni barabara nzuri. Nikiipanda kwa Landrova hata kalamu haitikisiki mfukoni.

Iliniuma. Nasema wazi iliniuma, nikaagiza chai ili nisifikirie, na chai ikaja papo hapo. Hilo ndilo linalonitisha kuhusu nyumba ile, Mheshimiwa. Mtu ukitaka kulia, kila kitu kiko tayari kukuzuia.

8. Mama anatumia maneno yangu mwenyewe bila ruhusa. Utakumbuka ule mkutano wa uwanja wa soko, tulipokuwa bado watu wa kuruka ukuta. Nilipanda juu ya pipa, nikapaza sauti: "Siku ya uhuru, kila mtu atalala anapotaka, na hakuna kapaso atakayemuuliza!" Watu walinibeba juu juu. Wewe mwenyewe ulinishika mguu wa kushoto. Sasa mama ameishika sentensi hiyo yote kwa kichwa, na anawafundisha walio barazani kama sala. Jana nilisikia sauti nyingi zikiitamka kwa pamoja, taratibu, halafu sauti ya Mzee Nsofwa ikiuliza, "Maneno mazuri hayo. Nani alisema?" Na mama akajibu, "Kijana mmoja. Simwoni siku hizi."

Na wewe pia, Mheshimiwa, uliwahi kula ulezi wa mama huyu katika mwaka ule wa fujo, jambo ambalo sitalitaja katika barua rasmi.

Baada ya kuyapima yote hayo kwa haki na bila upendeleo, naomba yafuatayo.

Kwanza, mama yangu ahamishiwe wilaya nyingine, kama watumishi wengine wanavyohamishwa wakishawazoea watu. Hana mizigo mingi.

Kama hilo haliwezekani, Serikali inipatie mama mwingine wa muda, mwenye kuelewa sera, mpaka mavuno yapite. Asiwe anayejua kupika.

Kama na hilo haliwezekani, nipewe waraka unaoeleza waziwazi ni saa ngapi za kazi ambapo Mkuu wa Wilaya anakuwa si mtoto wa mtu. Mimi nilidhani ni kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi, lakini mama anaonekana kufuata ratiba nyingine.

Na kama yote yameshindikana, basi mtu mwingine aitie saini amri ya Jumatatu. Wewe, kwa mfano. Saini yangu ninayo hapa, naiangalia, imenyooka vizuri kama ya Mzungu. Miaka mingi niliifanyia mazoezi kwenye mchanga, ili siku moja nisaini kitu cha maana.

Nisalimie makarani wote wa Jimbo, dereva wako Lombe, mkeo na watoto, na wale wenzetu wa enzi zile ambao bado wanaitikia wakiitwa Ndugu. Wasiotaka, wasalimie kwa vyeo vyao.

Ni mimi, wako katika kulijenga taifa,

Chilekwa Kabaso
Mkuu wa Wilaya, Kasengu

BAADA YA KUANDIKA. Mheshimiwa, barua ilikuwa imefungwa tayari. Nimeifungua. Leo ni Jumapili, na haya nayaandika kwa penseli, juu ya goti.

Jana asubuhi nilikwenda mwenyewe kwenye mutanda wa mama. Nilijiambia nakwenda kutoa vyungu nje kabla ya Jumatatu, visipasuke. Ndivyo nilivyojiambia. Nilitembea kwa miguu, maana Landrova haifiki, na nikafika nimejaa kupe kwenye soksi.

Nilikuta shamba halina mtu. Sijui kwa nini lilinishangaza. Mama alikuwa barazani kwangu siku zote hizo akinipigia makofi. Nani angekuwa shambani? Ndege walikuwa wametanda, na upande wa bondeni nguruwe walishaanza kuulaza ulezi. Chakula chote cha mwaka wa mama yangu, Mheshimiwa, kilikuwa kinaliwa wakati yeye akimngoja Bwana Disii amsikilize, na Bwana Disii anapanda madirisha. Nilisahau vyungu. Nilipiga kelele, nikarusha madongo, nikapiga debe, nikakimbia huku na huku mpaka sauti ikanikauka. Soksi moja nimeitundika kwenye mti iwatishe ndege. Inafanya kazi vizuri kuliko ilivyowahi kufanya ofisini.

Leo mama amekuja, mbwa wa Serikali nyuma yake. Akasimama ukingoni mwa shamba akanitazama nilivyo, miguu peku, matope usoni. Niliogopa atalala chali. Hakulala. Alisema, "Chilekwa! Umefika lini, mwanangu?"

Nilimwambia nimefika jana.

"Umekonda," akasema. "Kuna Bwana mmoja huko Boma nilikuwa namngoja. Niendelee kumngoja?"

Nilimwambia yule Bwana amesafiri. Tukala ubwali kwa mkono, na viwavi, na nililia mbele yake, na hakuna mtu aliyeniletea chai.

Kwa hiyo naomba malalamiko yangu yote, kuanzia namba moja, yafutwe. Watu wamekwishasikia niko huku na wanakuja na shida zao. Wanakaa wanavyotaka, wananiita kwa jina, wananibishia, na leo peke yake tumemaliza mambo mengi yaliyokuwa yamelala mezani kwangu tangu niletwe. Hapa hakuna benchi.

Limebaki moja tu, na ni la haraka. Kesho Mzee Nsofwa anakuja na kiberiti. Ni mtu mtiifu, na amri aliyonayo inasema atakayekutwa ndani ya mutanda akamatwe, na ina saini yangu. Nimempelekea karatasi ya kuifuta. Ameirudisha kwa heshima zote, akisema haina muhuri, na muhuri uko Boma mezani kwa Bwana Disii, na Bwana Disii ameripotiwa kutoonekana. Nahofia akinikuta bila soksi hatanitambua. Akinitambua pia sina uhakika kama itanisaidia, maana baba yangu naye alitambuliwa vizuri tu.

Basi nakuomba neno moja kutoka Jimboni, lenye muhuri, kabla jua halijapanda kesho. Anayeleta barua hii ni mjomba wangu. Anakimbia, usimweke barazani.

Mama anakusalimu. Anasema kama kuandika ni kazi, njoo mwenyewe. Njia ni ileile: ukivuka kijito kata kushoto, kama ulivyokata usiku ule ulipokuwa ukiwakimbia makapaso. Anasema blanketi lako bado lipo.